Nyigu anayetupunguzia sumu kwenye mboga

Kabichi unayoinunua jioni kwa mama mboga wa Chaani, Magongo au Mikindani haikuota Changamwe. Huku kwetu joto ni jingi na ardhi ya kulima ni haba. Mboga hizo hushuka usiku kwa malori kutoka milima ya Taita, nyingine Loitokitok, na nyingine mbali zaidi huko Nyandarua. Hupokelewa soko la Kongowea, kisha hugawanywa kwenda vibandani. Kabla ya kufika sufuriani mwako kabichi hiyo imepita mikono mingi, na mara nyingi imepigwa dawa ya wadudu, tena si mara moja.

Wiki hii tutajifunza habari za mdudu mmoja ambaye tangu mwaka 2002 amekuwa akifanya kazi katika milima ya Taita bila mshahara, kazi ambayo wakulima walikuwa wakiifanya kwa pampu ya mgongoni. Mdudu huyo ni nyigu. Najua wapo watakaouliza daktari ana shughuli gani na nyigu ilhali ukurasa huu ni wa afya. Mimi huwaona watu waliodhurika na dawa za kunyunyizia mboga, na kila mara mkulima anapoacha pampu chini kwa sababu nyigu amemfanyia kazi, kuna mtu mmoja ambaye hataletwa kwangu akitokwa na udenda.

ADUI NI NANI?

Adui wa kabichi, sukuma wiki, koliflawa na mboga za jamii hiyo ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu ambaye urefu wake hauzidi sentimita moja. Akitua na kukunja mabawa, mgongoni huonekana alama nyeupe zilizopangana mfano wa almasi, na ndiyo sababu wataalamu humwita nondo wa mgongo wa almasi. Jina lake la kisayansi ni Plutella xylostella.

Nondo mwenyewe hali majani. Wanaokula ni watoto wake, viwavi wembamba wa kijani waliochongoka pande zote mbili. Mama yeyote aliyewahi kuchambua sukuma wiki amewaona. Ukimgusa, kiwavi huyu hujinyonganyonga akirudi kinyumenyume, kisha hujiachia kwenye uzi mwembamba kama wa buibui akaning'inia. Akiwa mdogo hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya juu, hata jani likaonekana kama lina vidirisha vya kioo. Akikua hutoboa kabisa.

Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 100, na penye joto yai huwa nondo kamili katika wiki mbili au tatu. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi hupita katika mwaka mmoja. Wingi huo wa vizazi ndio unaomfanya nondo huyu kuwa sugu. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kwamba dawa ya DDT ilikuwa haimwui tena, na yeye akawa miongoni mwa wadudu wa mwanzo wa mashambani kuizoea dawa hiyo. Tangu wakati huo amezizoea dawa nyingi zilizomfuata, moja baada ya nyingine.

Wenyeji wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Wanakumbuka klorokwini. Kulikuwa na siku ambapo vidonge vichache vya klorokwini vilimwinua mgonjwa wa malaria kitandani, hata ikafika mwaka 1998 serikali ya Kenya ikaacha kuitegemea kama dawa ya kwanza kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa huua vilivyo dhaifu, vichache vyenye nguvu vikabaki, navyo ndivyo huzaana. Basi nondo wa kabichi ni vivyo hivyo. Mkulima akiona dawa haifanyi kazi huongeza kipimo. Kipimo kikishindwa, huchanganya dawa mbili au tatu ndani ya pampu moja. Mchanganyiko ukishindwa, hupiga kila wiki badala ya kila mwezi. Viwavi hubaki palepale, na inayoongezeka ni sumu kwenye mikono yake na kwenye majani.

NYIGU ALIVYOFIKA WERUGHA

Jijini Nairobi, Kasarani, kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kijulikanacho kwa jina la ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, marehemu Profesa Thomas Odhiambo. Wataalamu wa kituo hicho walipochunguza mashamba ya kabichi waligundua kwamba nyigu wa asili ya hapa wanaoshambulia viwavi hao wapo, lakini kazi yao ni ndogo. Katika viwavi 100, waliokuwa wameshambuliwa ni nadra kupita 15. Nondo huyu ameenea duniani kote pamoja na kabichi zenyewe, na maadui wake wakali walibaki nyuma.

Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Bernhard Löhr kikaenda kumtafuta adui wa kufaa. Nyigu aliyechaguliwa huitwa Diadegma semiclausum. Asili yake ni Ulaya, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amekwisha kutumiwa kwa mafanikio katika nyanda za juu za Asia, zikiwamo za Indonesia na Malaysia. Wale wa Kenya waliletwa kutoka Taiwan mwezi wa Oktoba 2001. Hawakuachiwa mashambani siku hiyohiyo. Waliwekwa kwanza ndani ya karantini na kuchunguzwa, kama vile dawa mpya isivyopewa mgonjwa kabla ya kupimwa. Swali kubwa lilikuwa moja: je, akimaliza nondo wa kabichi, hatageukia wadudu wengine wasio na hatia? Nyigu huyu hafuati kila kiwavi. Anamfuata huyu wa kabichi.

Julai 2002 wakaachiwa Werugha, karibu na Wundanyi, kwenye baridi ya milima ya Taita. Septemba mwaka huohuo wakaachiwa Tharuni, upande wa Limuru. Nyigu walishika makao. Kabla ya kuachiwa, watafiti walipokuwa wakihesabu viwavi na mabuu wa nondo katika mashamba ya Werugha walikuta wastani wa 5.4 kwa kila mche. Katika mwaka wa tatu walikuta 0.8. Nyigu nao hawakukaa pale walipowekwa, bali walisambaa wenyewe shamba hadi shamba. Tanzania na Uganda nazo zikawaleta katika maeneo yao ya miinuko.

Nisieleweke vibaya, hakuna kitu kisicho na gharama. Wale nyigu wa asili waliokuwa wakifanya kazi kidogo karibu wote walisukumwa kando na huyu mgeni katika mashamba hayo. Kwa maoni yangu gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mapipa ya sumu, lakini ni gharama, na ndiyo maana kuleta mdudu wa kigeni si jambo la mtu binafsi kubeba kwenye chupa akitoka safari.

Jambo hili si geni hapa Pwani. Mwaka 1993 kituo hichohicho kiliachia nyigu mwingine aitwaye Cotesia flavipes katika mashamba ya mahindi ya Pwani, akiwa ametolewa Pakistan. Huyo kazi yake ni kuwashambulia funza wanaotoboa mabua ya mahindi, hasa aina moja iliyoingia Afrika kutoka Asia. Wenye mashamba Kilifi na Kwale wanaowaona wadudu vijifuko vyeupe vidogo mithili ya punje za mchele, vimeshikamana karibu na funza aliyekufa ndani ya bua, wasivichome moto. Huenda hao ndio watoto wa nyigu.

ANACHOFANYA NDANI YA KIWAVI

Hapa ndipo somo linaponivutia mimi kama daktari, na naomba uvumilivu wa wasomaji nikae kidogo.

Nyigu huyu ni mwembamba, mweusi, urefu wake ni kama nusu sentimita au zaidi kidogo. Haishi katika mzinga wala hajengi nyumba ya udongo ukutani. Hamsumbui mtu. Jike hutembea juu ya majani akitikisa papasi zake, akifuata harufu inayotolewa na jani lililotafunwa. Akimpata kiwavi humdunga haraka kwa mrija wake wa kutagia na kumwachia yai moja mwilini.

Sasa, kiwavi ana kinga ya mwili kama wewe na mimi, ingawa ni ya namna nyingine. Kitu kigeni kikiingia mwilini mwake, chembe za damu yake hukizingira, hukifunika tabaka juu ya tabaka, kikakauka na kuwa cheusi mle ndani. Yai la nyigu lingekufa namna hiyo. Lakini nyigu hadungi yai peke yake. Pamoja na yai huingia majimaji yenye virusi vilivyotengenezwa ndani ya kizazi cha jike huyo. Virusi hivyo haviwezi kuzaana ndani ya kiwavi. Kazi yao ni kudhoofisha zile chembe za kinga ili yai liachwe salama. Tena maelekezo ya kuvitengeneza virusi hivyo yameandikwa katika urithi wa nyigu mwenyewe, mama humpa mwanawe kizazi hadi kizazi.

Hospitalini tunafanya kitu kinachokaribia hicho tunapompa mgonjwa aliyepandikizwa figo dawa za kutuliza kinga ili mwili wake usikikatae kiungo cha mtu mwingine. Binadamu walitumia karne ya 20 kuyafahamu hayo. Nyigu alikuwa nayo kabla hatujalima kabichi.

Yai huanguliwa, na mtoto wa nyigu huanza kumla kiwavi kwa ndani, lakini kwa hesabu, maana mwenye nyumba akifa mapema mgeni naye atakufa. Kwa hiyo kiwavi huendelea kutembea na kula majani kwa siku kadhaa. Jambo hili huwakatisha tamaa wakulima. Mtu ameambiwa nyigu wapo, akitazama anaona viwavi bado wanakula, anarudi kwenye pampu. Kumbe wengi wa viwavi hao wamekwisha kubeba kifo chao. Kiwavi hufika hatua ya kujisokotea kifuko cha hariri ili ageuke nondo, na hapo ndipo mtoto wa nyigu anapommaliza, akasokota kifuko chake mwenyewe ndani ya kile cha marehemu. Badala ya nondo, anayetoka ni nyigu.

Mambo yote hayo yanahitaji kitu kimoja, nacho ni nyigu kuwa hai. Naye hufa upesi kwa dawa. Nondo amepigwa sumu kwa vizazi vingi duniani kote na amezizoea. Nyigu hana mazoea hayo, tena hutembea juu ya jani lililopigwa dawa akipapasa kila mahali. Kwa hivyo mkulima anayepuliza dawa kali kila wiki humwua mlinzi na kumwacha mwizi. Baada ya wiki mbili viwavi ni wengi kuliko awali, na yeye husema dawa ilikuwa hafifu, akanunua kali zaidi.

Si kwamba nyigu ameleta pepo Taita. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya jani kama vumbi, yeye hawagusi, na kwa sababu yao wapo wakulima walioendelea kupuliza. Lakini penye nyigu, anayejua kutofautisha kidukari na kiwavi aweza kupunguza dawa sana, na aliye makini huchagua ile isiyodhuru nyigu.

SUMU NA MWILI WA MTU

Dawa nyingi zilizotumika kwa mboga kwa miaka mingi ni za kundi la fosfeti. Zinamwua mdudu kwa kumharibia neva, na bahati mbaya neva zetu hutumia mtambo uleule. Ujumbe ukitoka kwenye neva kwenda kwenye msuli au tezi, hubebwa na kemikali fulani. Ujumbe ukishafika, kuna kimeng'enya kinachoifuta kemikali hiyo mara moja ili msuli upumzike. Sumu ya fosfeti hukifunga kimeng'enya hicho. Basi ujumbe haufutwi. Tezi hutoa maji bila kukoma, misuli hucheza bila kuamriwa, kisha huchoka kabisa, na ikichoka ile ya kupumulia mtu hufa.

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa akilima sukuma wiki kando ya kijito, upande wa Miritini. Aliletwa zahanati saa kumi na mbili jioni na shangazi yake, amelowa jasho, anatapika, analalamika kichwa na tumbo.

"Daktari, ni malaria hii," shangazi akaniambia. "Mpige sindano tu, mwanangu asije akanifia."

"Tutamtazama, mama. Leo alikuwa kazini?"

"Alishinda shambani. Alikuwa akizipiga dawa zile mboga, upepo nao ulikuwa mwingi."

Macho yake ndiyo yaliyosema. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano, ingawa chumba kilikuwa na giza. Mate yalikuwa yanamtoka, kifua kinakoroma, na nyama za mapajani zilikuwa zinacheza chini ya ngozi. Shati lake lilikuwa bado na harufu kama ya kitunguu saumu. Tulilivua shati hilo, tukamwosha kwa sabuni, akapewa atropini, akapelekwa hospitali kubwa ambako alilazwa siku tano. Alipona. Nimemtaja kwa sababu ya lile neno la shangazi. Mjini Mombasa kila mwenye jasho, kutapika na kuumwa kichwa huambiwa ana malaria, na dalili za mwanzo za sumu ya dawa za mimea hufanana nayo sana. Kipimo cha malaria kiangaliwe, ndiyo, lakini mgonjwa aulizwe pia alifanya kazi gani siku hiyo.

Huyo alipata sumu nyingi kwa siku moja. Je, sisi tunaokula masalio kidogo kidogo? Hapa daktari hapaswi kutisha watu. Kiasi kinachobaki kwenye mboga kwa kawaida ni kidogo mno kulinganisha na kile kilichomwangusha kijana yule. Hata hivyo, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa mbili zilizotumika sana, malathioni na diazinoni, katika kundi la zile ambazo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, na watafiti wa Marekani wamehusisha dawa za kundi hili wakati wa ujauzito na upungufu katika ukuaji wa akili ya watoto. Mwenye hatari kubwa ni mpulizaji, kisha mwenye mimba na mtoto mchanga, kisha sisi wengine. Kuacha kula mboga kwa hofu hiyo ni hasara kubwa zaidi. Wanaoletwa kwangu na shinikizo la damu na kisukari ni wengi kuliko walioletwa na sumu, na hao nawaambia waongeze mboga.

MNUNUZI NAYE ANA PAMPU MKONONI

Mama mboga mmoja wa Chaani nilimwuliza kwa nini fungu lenye majani yaliyotoboka huliweka nyuma ya meza. Akacheka.

"Daktari, wewe mwenyewe ungelinunua? Mteja akiona tundu moja, analirudisha. Nami nikimrudishia mwenye lori, hatoniletea tena. Basi huko shambani wapulize, wafanyeje?"

Sikuwa na jibu zuri. Jani lisilo na tundu hata moja ndilo linalomlazimisha mkulima kupuliza siku chache kabla ya kuvuna, na hapo ndipo hatari ya masalio ilipo. Kila dawa iliyosajiliwa huwa na maandishi kwenye chombo chake yanayosema ni siku ngapi zipite kati ya kupuliza na kuvuna. Mwenye haraka ya lori la jioni hazihesabu. Jani lenye vitundu viwili vitatu si jani bovu. Likate sehemu iliyotoboka, lioshe, lipike. Mimi ningelichagua hilo mbele ya lile lililong'aa kama la plastiki, ingawa nakiri kwamba kukosa matundu peke yake si ushahidi wa sumu, wala kuwa nayo si ushahidi wa usalama.

NYUMBANI TUFANYE NINI

Majani mawili matatu ya nje ya kabichi yatupwe, maana ndiyo yaliyopokea dawa nyingi. Sukuma wiki ioshwe jani moja moja chini ya maji yanayotiririka kabla ya kukatwa, si baada. Penye shida ya maji, nasi wa Changamwe twaijua shida hiyo, tumia beseni mbili au tatu, ukibadilisha maji na kusugua kwa vidole. Chumvi au siki yaweza kusaidia kidogo lakini si muujiza. Sabuni ya kufulia na dawa ya kung'arishia nguo zisitumike kabisa kwenye chakula. Kuosha hakuondoi dawa iliyonyonywa ndani ya jani, na kupika hupunguza baadhi tu.

Wenye miche michache ya sukuma wiki kwenye magunia uani wasitarajie nyigu wa Werugha, kwa kuwa yeye hupenda baridi ya milimani na joto letu halimfai. Kwa maeneo ya joto watafiti walileta jamaa mwingine kutoka Afrika Kusini. Lakini kwa magunia matatu uani hakuna haja ya kungoja mtafiti. Pindua majani kila asubuhi uwaponde viwavi kwa vidole, au funika miche kwa neti. Wakizidi, ipo dawa iliyotengenezwa kwa bakteria waitwao Bacillus thuringiensis, inayomdhuru kiwavi anayelila jani na kumwacha nyigu salama. Mwarubaini pia hufaa. Twanga mbegu zake, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Lakini nasisitiza kwamba mafuta ya mwarubaini mtoto mchanga asinyweshwe kwa sababu yoyote ile. Yamewahi kuwadhuru vibaya watoto waliopewa kama tiba.

Dawa ya mashambani isihifadhiwe kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa usiku mmoja. Watoto hawasomi, nao huwa na kiu. Kopo lililokwisha litobolewe lisiweze kutekea maji tena. Anayepuliza avae glavu za mpira, suruali ndefu, viatu vya kufunika na kitambaa au barakoa usoni, apulize upepo ukimsukuma dawa mbali naye, asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Mtu akipatwa na dalili zile, yaani mate, jasho, kutapika, kuhara, macho yenye mboni ndogo, kifua kubana au misuli kucheza, mtoe penye dawa. Mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni pamoja na nywele, naye anayemwosha avae glavu au mifuko mikononi. Iliyoingia machoni isafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia, ingawa majirani watakuhimiza. Akiwa hana fahamu mlaze ubavu ili asisongwe na matapishi. Kimbilia hospitali yenye oksijeni, na usiache nyumbani kopo la dawa au hata karatasi iliyobanduka kwake. Lifunge kwenye mfuko lije pamoja na mgonjwa, kwa sababu jina lililoandikwa pale ndilo linalomwambia daktari ni sumu ipi na aanze na tiba gani.